Fizi za Kapteni

Mjomba,

Shikamoo. Najua leo hutanijibu "Marahaba, Bibi Kimya," ila sijazoea kuanza nawe bila kukuamkia.

Nimemaliza kidato cha nne. Nipo nyumbani Kitangari, na mbwa wako Kapteni yupo nami tangu tukuzike. Karibu tumpoteze. Ilikuwa wakati wa kupuliza mikorosho salfa, ile dawa ya unga. Alilala tu kivulini, akagoma kula, halafu damu ikamtoka puani. Baba akasema, "Salfa imemlevya, mpeni maziwa." Si unajua, msimu ule kila ugonjwa kwetu ni salfa, hata wa kuku. Maziwa hayakusaidia. Jirani yetu Mama Zaituni akasema ni kichaa cha mbwa, na vijana wakaanza kutafuta marungu.

Nikakumbuka nilivyokuwa nakubebea mkoba wa dawa ukienda kutibu mbuzi wa watu. Kabla ya yote uliinua mdomo wa mnyama: "Hasemi huyu, ila fizi zinasema." Nikainua wa Kapteni. Fizi nyeupe kama unga wa muhogo. Tumboni ana vidoa vyekundu, masikioni kupe. Nikawaambia wote, "Huyu hana kichaa, wala si salfa. Hana damu." Mama Zaituni akacheka. "Kumbe mtoto huyu ana sauti?" Hata mimi nilishangaa.

Baba akampakia kwenye tenga nyuma ya baiskeli, tukaenda Newala. Nikamweleza daktari wa mifugo tulivyoziona fizi, naye akatazama tone la damu kwa darubini. Akatueleza kwamba vijidudu vinavyoletwa na kupe huharibu chembe za damu, na vikiachwa huufikia uboho, kule ndani ya mifupa damu inakotengenezwa. Uboho ukishachoka, dawa huwa kazi bure.

"Mmewahi," akasema. "Nani aliwaambia mtazame fizi?"

Nikajibu bila kunong'ona, "Mjomba wangu."

Baba akaongeza, "Na kazi kamwachia huyu."

Mjomba, ungemwona Baba alivyosema.

Vidonge nilimfichia kwenye ugali mpaka vikaisha. Jana tumerudi kupima: chembe zimeongezeka, uboho wake unafanya kazi. Leo asubuhi fizi zina wekundu wa bibo la mkorosho linaloanza kuiva, na amembwekea Mama Zaituni hadi kwake.

Pumzika, Mjomba wangu. Nimeomba nafasi chuo cha mifugo. Nikikubaliwa nitakwenda na mkoba wako, na kila mnyama nitakayeletewa nitaanza na fizi zake, kabla ya kuwasikiliza watu.

Mpwa wako,
Bibi Kimya