Nilimsifia Mama Binti Ambaye Hayupo Tena Chuoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, maana nakuandikia miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto na macho yanajifunga yenyewe. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana katika chuo kikuu kimoja, kazi nimeifanya mpaka wanafunzi wamenibandika jina la Mama Ufunguo, na mwaka huu wakubwa waliamua kwamba walimu na wafanyakazi tupakiwe kwenye basi tuzunguke jimbo zima, tuone wanafunzi wetu wanatoka wapi, basi tukazunguka wiki nzima, leo kiwanda cha pamba, kesho hospitali, keshokutwa shule, kila mji hotuba na kila hotuba makofi, profesa wa hesabu akinilalia begani na kukoroma kama jenereta, mhasibu akianzisha nyimbo ambazo hata maneno yake hayajui, na mimi nikisema moyoni, ee Mungu, nirudishe kwenye bweni langu.

Mji wa mwisho ndio ulioniponza. Tulikaribishwa katika ukumbi wa shule, mkuu wetu wa chuo akashika kipaza sauti akasema mzazi mwenye mtoto kwetu asimame tumwone, akasimama mama mmoja, fundi cherehani, uso unang'aa, akasema, "Binti yangu yuko kwenu, anasomea uuguzi, mwaka wa tatu," akataja na jina, na binti huyo namjua, alifeli mtihani, akarudia, akafeli tena, akaondolewa chuoni mwaka jana, na godoro lake tulilibeba pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule, mpaka getini, huku analia. Kabla sijajua niangalie wapi, mkuu akasema, "Matroni wao tunaye hapa! Hebu mwambie mzazi mwanawe anaendeleaje," akanikabidhi kipaza sauti, ukumbi mzima ukanigeukia, yule mama amekunja mikono kifuani ananitazama, nikasema, "Hajambo. Ni binti mwenye nidhamu sana." Wakapiga makofi, mshauri. Wakapiga makofi.

Nje alinishika mikono yote miwili akasema, "Dada yangu, mimi nilimzaa tu, mama yake huko ni wewe," akachukua namba yangu ya simu, akanipa na sare nyeupe ya uuguzi aliyomshonea binti kwa ajili ya mafunzo ya hospitalini, mshono hauna dosari, nikaipokea, ningefanyaje, nikapanda basi nikajifanya nimelala.

Tuliporudi nilimtafuta binti kupitia rafiki yake aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, nikamkuta anaosha vyombo katika mkahawa karibu na stendi, nikamwambia mama yako anajua uko darasani, akanijibu bila kuacha kusugua sufuria, "Mama Ufunguo, niache. Mama ana presha. Ukimwambia akaanguka, utamzika wewe?" Nikaondoka na ile sare yake bado mkononi. Sasa yule mama hunipigia kila Jumapili akitoka ibadani, anauliza mwanawe anakula, analala, amepona mafua, nami najibu anakula, analala, amepona, na juzi nimesikia ofisini kwamba mkuu alipendezwa naye mno na anataka kumwalika kwenye mahafali ya mwezi ujao, akae mbele na wageni, azungumze kwa niaba ya wazazi. Nikisema, nitakuwa nimemuua. Nikinyamaza, atakuja kuumbuka mbele ya umati. Nimechoka, mshauri, nimechoka hata kuogopa. Nifanyeje?

Mama Ufunguo

JIBU

Mama Ufunguo, pole kwa safari na pole kwa miguu. Ya profesa wa hesabu sina dawa yake.

Kwanza nikukaripie, yaishe. Ulipopewa kile kipaza sauti ungeweza kusema, "Mzazi, tuonane nje tuzungumze," na hakuna ambaye angekushangaa. Hata hivyo hilo nakusamehe, maana mkuu wako naye hakufikiri. Habari za mtoto wa mtu haziulizwi hadharani kama bei ya nyanya. Pale ulibanwa. Lakini Jumapili nani anakubana? Simu unaishika wewe, umekaa kitandani kwako. Wewe unaita huruma, mimi naita woga.

Kufeli ni siri ya binti, si kazi yako kuitangaza. Ila lile "hajambo" ni la kwako, na ni wewe utakayelirudisha.

Na hilo la presha lisiwafunge midomo. Mama huyo ana presha na bado anakanyaga cherehani kutwa. Ataumia, atalia, huenda akakufukuza, lakini atalia kwake, amekalia kiti chake, majirani wako karibu. Akija kuambiwa ukweli kwenye mahafali, amevaa nguo mpya, hapo ndipo mtakapomwangusha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kesho asubuhi ingia kwa mkuu wako, funga mlango, mwambie ulisema lisilo kweli na mwaliko ule usitoke. Atafoka. Mwache afoke.

Kisha rudi mkahawani. Usimtishe binti. Mngoje amalize kazi, mkalishe, mwambie: "Mwanangu, simu za mama yako sitazijibu tena kwa uongo. Jumamosi hii tunakwenda wote. Utasema wewe, mimi nitakuwa pembeni yako." Usimwahidi kwamba chuo kitamrudisha, hilo huliwezi. Yeye hamwogopi mama yake kiasi hicho, anaogopa kuuona uso wa mama ukibadilika huku yeye amesimama pale peke yake. Hilo la kuwa peke yake unaweza kumsaidia.

Akikataa katakata, nenda mwenyewe, useme lako tu: "Mama, kule ukumbini nilikudanganya, nisamehe. Mengine muulize mwanao." Usiongeze neno. Akikutukana, tukanika.

Akikubali, pandeni basi la abiria kama watu wengine, msiende na basi la chuo na mabango yake. Na wewe, najua ninyi walezi mnavyopenda kuwasemea watoto, safari hii jizuie. Mkifika mlangoni simama nyuma yake. Hodi apige yeye.