Begi Kwenye Mashine ya Baba

Nyumba za Wafanyakazi, Namba 3,
Nyuma ya Maabara.
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kifua kimepona? Huku sisi wazima, ila mama analalamikia magoti. Asante kwa soksi. Zinanifika magotini, nitazikulia tu.

Shangazi, kuna jambo limenikaba. Kwa mdomo nisingeweza, unanijua, hata kwenye simu naitikia "mm" tu.

Ule ufito wako wa chuma, wa kuta za mtambo utakaounganisha atomu kama jua, ulikaa miezi mitano kwenye tanuri la baba pale maabara, nyuzi joto mia sita na hamsini, ukivutwa na mawe ya uzito uleule. Baba alinieleza kuwa chuma cha chembe ndogondogo ni kigumu kikiwa baridi, ila kwenye moto chembe huteleza na chuma kikarefuka. Wewe ulisema zako umezifunga kwa vumbi la oksaidi. Na kweli, hazikuteleza.

Ijumaa moja nilimfuata baba kazini. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, nikatundika begi la shule kwenye ndoano iliyo chini ya yale mawe. Nikalisahau. Nilipokumbuka nyumbani nikafurahi, maana hesabu nimezikwepa! Jumatatu asubuhi nikalichukua kimyakimya. Saa sitini na tatu. Nimelipima: kilo nne na nusu, na mkono wa mashine huzidisha uzito mara kumi.

Wiki iliyofuata ufito ukakatika.

"Dada yangu na majigambo yake!" baba alisema. "Chuma kimevutika kama mpira wa suruali." Kisha akanipa ripoti niitafsiri kwa wakubwa zako, kwa kuwa lugha zote mbili, yetu na yao, nazijua. "Haya mkalimani, usinitie aibu."

Kila siku naandika "chuma kimeshindwa" kwa mkono wangu mwenyewe. Nikinyamaza, kazi yako ya miaka sita inafutwa. Nikisema, baba ndiye aliyesaini kwamba mashine haikuguswa. Nimebanwa huku na huku.

Ijumaa vipande vya ufito vinatumwa kwako ndani ya kasha. Barua hii nitaificha humo, chini ya pamba. Omba kipimo kirudiwe.

Wasalimie mapacha na baba yao. Mungu akulinde, wewe na hicho kifua.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Mtoto wa kaka yako

Nimeisoma tena, nikaona bado najificha, safari hii kwenye pamba. Nimeandika nakala na kuitundika kwenye ileile ndoano. Baba hufika saa moja asubuhi.