Nilivyombeba Mtani Mpaka Kidato cha Tatu

Chuno, Mtwara

Dada yangu Perpetua, mama yake Adelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Kaa chini kwanza, acha hiyo kazi, barua hii haisomwi kwa kusimama. Sisi huku wazima. Mgongo wako je? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Mimi hapa bandarini nguvu ndizo zinazonisumbua. Juzi nimepanda melini na magunia mawili ya korosho, moja kila bega, meli ikalala upande wangu, nahodha akatoka mbio kuuliza kuna nini. Wapo walioona.

Uliandika kwamba Adelina amekuandikia anataka kuacha shule, nimpakie kwenye lori la kwanza lije naye Songea. Sikumpakia. Usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa barua.

Chanzo ni somo la historia. Amekuja mwalimu mpya, Bi. Zaituni, binti wa Mikindani, mwembamba hivi, lakini akianza kusema hata inzi anatua asikilize. Huyu amewakalisha walimu wenzake akawaambia muhula huu kila somo lifundishe habari za watu wa hapa. Basi wa jiografia anawachorisha njia walizopitishwa mateka wa zamani, wa Kiswahili anawaandikisha maneno ya wazee, wa kilimo anawapeleka kuwalimia wazee wa mtaani wasiojiweza. Na ubaoni kila siku swali ni lile lile: "Ukishajua yaliyopita, una wajibu gani?" Elimu ya kujitegemea hiyo, dada, si mchezo!

Wanafunzi wakatumwa kwa bibi zao na babu zao. Asumini, binti wa Kiyao anayekaa dawati moja na Adelina, akarudi na habari kwamba mama mzazi wa bibi yake alitekwa na Wangoni akiwa msichana, akatembezwa na kamba shingoni mpaka huko kwetu. Akaisoma mbele ya wenzake. Darasa zima likageuka kumtazama mwanao, Mngoni peke yake mle ndani. Jioni shambani hakuna aliyetaka kulima karibu naye. Akaja kwangu na sanduku lake. "Mjomba, nirudishe nyumbani. Nimekuwa mwizi wa watu nisiowajua."

Nikamwambia, "Tulia. Mimi nipo." Wajua Mngoni na Myao ni watani. Bandarini Wayao wakinikuta nakula wananinyang'anya sahani, nami nikiwakuta wamesinzia nawaamsha kwa kuwaita watumwa wangu, tunacheka hadi mbavu zinauma. Nikaona dawa ndiyo hiyo. Nikavaa koti langu la kanisani, nikamwomba Bi. Zaituni anipe darasa. Mimi niliyeishia la tatu, namfundisha mtu wa Kidato cha Tatu! Nikaingia kwa sauti ya kutikisa bati: "Watumwa wangu, hamjambo?"

Hakucheka mtu. Kumbe watoto wa mjini utani hawaujui. Asumini akalia, Adelina akajifunika uso. Mkuu wa shule akaja na hasira zake, akamwambia mwalimu, "Mambo ya wazee yaishe leo. Kesho ni kitabu tu."

Nikatoka nimenywea, mimi ambaye viboko wa Ruvuma hunipisha njia. Nikaenda moja kwa moja Magomeni ya hapa hapa Mtwara, kwa bibi yake Asumini kuomba radhi. Nikamkuta uani anaosha mihogo.

"Hodi, bibi."

"Nani?"

"Mngoni."

"Mngoni! Umekuja kumalizia tuliobaki?" Akanimwagia maji ya mihogo, koti lote chapachapa. Hapo moyo wangu ukapoa, maana huyu anaujua utani. Nikamweleza yote. Akafuta mikono, akasema, "Wenu walimtembeza mama yangu kwa miguu. Basi mimi leo sitembei. Chuchumaa."

Dada, nimembeba mgongoni kutoka Magomeni mpaka shuleni mchana kweupe, ananipiga kisigino, "Punda wa Songea, kaza mwendo!" Mtaa mzima nyuma yetu, hata balozi wetu wa nyumba kumi. Mkuu wa shule alipotuona mlangoni alitaka kukunja uso, uso ukamkatalia.

Bibi hakukubali kushuka mpaka mbele ya ubao. "Alitekwa, ni kweli," akasema. "Na miaka baadaye akaachiwa, akarudi kwao. Andikeni, msipunguze neno. Na alipokufa, aliyeshuka kaburini kumlaza alikuwa Mngoni, mtani wake. Andikeni na hilo. Asumini, mtukane huyo mwenzio."

Asumini akajikaza. "Adelina, mjomba wako anahema kama bata."

Wote wakamgeukia mwanao. Akainuka polepole, nikajua anatoka nje. "Na bibi yako mzito," akasema. "Sasa nimejua kwa nini mama yake aliachiwa arudi. Wetu walishindwa kumlisha."

Bi. Zaituni chaki ikamdondoka. Aliyecheka wa kwanza ni bibi, akacheka mpaka akaomba kiti, ndipo darasa likapasuka. Mkuu akasema haya, somo liendelee, ila mjomba asipewe tena chaki.

Kisha bibi akamshika Adelina mkono. "Huyu nimemteka. Kila Jumamosi ni wangu, atanitwangia, na haendi Songea mpaka amalize Kidato cha Nne." Adelina anacheka huku anafuta machozi. Jumamosi alitangulia Magomeni hata kabla ya Asumini.

Kwa hiyo, dada, mwanao si wangu tena wa kukurudishia. Ukimtaka, njoo mwenyewe na jogoo wa kumkombolea, ujiandae kutukanwa. Mimi nilijaribu kumtetea nikaambiwa nichuchumae tena.

Nisalimie shemeji, mama mkubwa anayetulindia nyumba ya marehemu baba, na mdogo wetu wa mwisho kule kijiji cha ujamaa. Mwambie kaka yake sasa ni mwalimu.

Ni mimi kaka yako, mgongo unauma lakini kichwa kiko juu,

Damasi