Baba na Nyasi za Aberdare

Jumanne, Agosti 1997

Baba hakuitazama milima hata kidogo. Tulikuwa tukipanda polepole, nami nikijisifu moyoni kwamba nimemtoa Garissa apumzike, ghafla akasimama.

“Nyasi zote hizi, binti yangu, na hakuna hata mbuzi mmoja?”

Askari wa mbuga aliyetuongoza akamweleza kwamba mifugo hairuhusiwi humu. Baba akaketi. Ukame ulimwachia ng’ombe watatu tu. Niliogopa nimemleta aumie. Laiti ningefikiria…

“Aabo, umechoka?” nikamwuliza baba.

“Wallahi sijachoka.” Akang’oa nyasi, akazinusa, akazitia mfukoni. “Nitamwonyesha ami yako. Hataniamini.”

Jioni hemani akauliza kesho tunaanza saa ngapi. Nikasema saa tatu.

“Saa tatu? Hiyo ni saa ya watu wa ofisi!”

Alhamdulillahi, anacheka.