Mnyororo wa Chungu cha Mama Léontine

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi saa nne asubuhi gari la wagonjwa litamrudisha nyumbani mama mkwe wangu, Léontine, mwenye miaka tisini na miwili, aliyelazwa mjini wiki saba kwa kuvunjika nyonga, na mimi sijui nitasimama wapi atakapoingia na kuyatazama meko yake.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, nilitoka Uvira nikiwa bado kijana, na huu ni mwaka wa arobaini na mbili naishi katika milima hii ya Auvergne, ndani ya nyumba ya mawe aliyozaliwa Mama na akazaliwa mke wangu Ghislaine. Baridi ya huku unaijua, sitakueleza. Nitasema tu kwamba meko yetu ya wazi, ambayo ndama angeweza kusimama ndani yake, yalikuwa yakila kuni kama mgeni asiye na haya na kupeleka joto lote angani kupitia dohani, nasi tuliokaa mbele yake tuliiva nyuso kama mahindi ya kuchoma huku migongo ikiganda, na Mama alilala na jozi tatu za soksi na hakulalamika hata siku moja.

Basi alipolazwa nikasema huu ndio wakati, nikaenda kwa Fayolle, fundi wa majiko, nikanunua jiko la chuma lenye mlango wa kioo, lile linaloingizwa ndani ya meko ya zamani, naye akaja na mwenzake, wakakwangua masizi, wakashusha bomba jipya kutoka juu ya paa hadi chini, na hapo ndipo lilipo kosa langu, kwa sababu katikati ya dohani ulining'inia mnyororo wa chungu, ule wa kutundikia chungu cha supu juu ya moto.

"Mzee," Fayolle akaniambia, kichwa kikiwa bado ndani ya dohani, "mnyororo au bomba. Vyote viwili havipiti."

"Toa," nikasema. Nilisema upesi, kama mtu anayeagiza kahawa.

Huku, wewe wajua, mtu hajahamia nyumba mpaka mnyororo utundikwe na waliomsaidia wale supu iliyochemka kwenye chungu chake. Mwaka niliomwoa Ghislaine sikuwa na baba wala mjomba, wala mtu mmoja wa kwetu wa kusimama upande wangu, na Mama aliushusha mnyororo ule, akausugua kwa majivu, akanipa mkononi mbele ya kaka za Ghislaine waliokuwa wamenuna, akasema, "Tundika wewe, mwanangu. Atakayeuliza huyu ni wa nani, aje ale supu." Na mimi niliyeutundika ndiye niliyeagiza utolewe.

Sasa uko bandani, ndani ya gunia, nyuma ya kuni. Ghislaine hanisaidii. "Si ulijifanya mwenye nyumba?" ananiambia. "Mwambie mwenyewe. Mimi nitakuwa namenya viazi."

Na aibu yangu kubwa zaidi, Mshauri, ni kwamba nina furaha. Siku mbili za kwanza jiko lilinuka rangi tukafungua madirisha, lakini tangu hapo nyumba imetulia, magogo matatu ya mwaloni yanatosha jioni nzima, paka amehama kitandani kwetu na sasa analala mbele ya jiko, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii mgongo wangu umesahau kwamba ni majira ya baridi. Je, nimwite Fayolle aling'oe jiko kabla ya Jumamosi, au ninyamaze nione kama atagundua?

Mimi mkwe, mwenye joto na hofu

*

Mkwe mwenye joto,

Unyamaze uone kama atagundua! Mtu aliyeota moto kwenye meko yale tangu akiwa mtoto mchanga? Atagundua kabla hajavua koti.

Jiko usiling'oe. Kumrudisha mama wa miaka tisini na miwili, nyonga ndiyo kwanza inapona, kwenye chumba cha kuganda ili wewe upone aibu, hayo si majuto, ni ubinafsi. Wala usione haya kwa furaha yako. Mimi nimezaliwa bonde la pili kutoka kwenu, nimelelewa mbele ya meko kama hayo, na siyatamani hata kidogo. Wanaosifu moto wa wazi ni wale waliokuja kuutazama kisha wakaenda kulala kwingine.

Kosa lako ni jingine. Ulimuuliza fundi upana wa bomba, bila shaka ulimuuliza muuza kuni mwaloni umekauka miaka mingapi, lakini mwenye meko hukumuuliza, naye wiki saba amelala huko na akili zake timamu na simu kando ya kitanda. Nadhani ninajua kilichokuzuia. Miaka arobaini na miwili, na bado unajihesabu mgeni, na mgeni huogopa kuomba asije akanyimwa. Mtoto wa nyumba huomba, akanyimwa, akanuna, akaja kula.

Na hilo gunia ndilo baya kuliko yote. Umekaa huku muda wa kutosha kujua kwamba mnyororo hushushwa kwa mambo mawili tu, kusuguliwa, au nyumba inapofungwa kwa sababu mwenyewe amekufa. Akikuta pengo bila kuelezwa, hatafikiria bomba. Atafikiria kwamba mlikwisha kumzika.

Kwa hiyo mpigie simu leo, si kesho. Usianze na baridi, wala soksi, wala bei ya kuni. Anza na "Mama, nimekosa," kisha mwache akuseme mpaka achoke. Ukiikata simu, nenda bandani ukautoe mnyororo, uusugue kwa majivu kama alivyofanya yeye. Majivu unayo. Lakini usiutundike popote kabla hajafika, maana kumchagulia mahali kutakuwa kosa la pili lililovikwa nguo ya zawadi. Kiti chake kiweke hatua mbili kutoka kwenye jiko, kwa sababu kioo kinaunguza na mikono yake imezoea kunyooshwa motoni. Fayolle akupe hati ya kusafishwa kwa dohani, uiweke pamoja na karatasi za bima, maana nyumba ikiungua ndiyo watakayoiuliza kwanza. Supu iwekwe motoni mapema, hata kama ni moto wa gesi.

Jumamosi, akishaketi, usitoe hotuba. Weka mnyororo mezani mbele yake, shika nyundo, useme, "Mama, nionyeshe ukuta." Popote atakapoonyesha, panda ukautundike wewe, kwa mkono uleule wa mara ya kwanza. Ghislaine aache viazi, aje akushikie ngazi. Kisha mle supu.