Shamba Lisilo na Nyuki

Shoga, sikiliza haya. Natoka kwenye lile shamba la lavenda, lile nililowaapia wanunuzi wa mafuta kwamba halijawahi kuonja dawa ya wadudu.

Saa nne asubuhi, jua kali, maua yamechanua shamba zima. Na hakuna nyuki. Hata mmoja! Kimya kama makaburini.

Nikamuuliza mkulima, "Nyuki wako wapi?"

Akacheka. "Mama, si afadhali? Hawatakuuma."

Hawatakuuma! Nikatazama chini. Nyuki walikuwepo, wakavu kati ya matuta. Nimewakanyaga tangu getini.

Wanunuzi nimeshawapigia, mzigo umesimama.

Lakini chupa ya kwanza ya mafuta ya shamba hilo nilimpa binti yangu, anampaka mjukuu wangu. Jana kaniambia, "Mama, mafuta yako kiboko. Mtoto siku hizi halii kabisa."

Niko njiani kwake.