Vidole Kumi na Vinne

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mke wako na hao wajukuu zangu wanaonijua kwa picha. Mimi mzima, maana nikiamka asubuhi najikuta nipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili ili nicheke kwa utulivu. Eti shangazi yako amekuandikia kwamba alinikuta nimekaa kwenye jiwe katikati ya mlima, baiskeli imelala kando, mimi natweta kama mvukuto. Dada yangu huyo tangu utoto macho yake hayaoni kitu ila mambo ya wenzake. Nilikaa nikiangalia wapita njia. Siku hizi ni kosa?

Na wewe kwa ushahidi huo huo umenihukumu. Mwisho wa mwezi wa sita, nisipoweza kushuka karakana asubuhi na kupanda kurudi nyumbani peke yangu, bila kusukumwa wala kukokotwa na mtu, unakuja na gari unichukue nikae kwako, ghorofa ya nne. Mwanangu, mtu akifika umri wangu anatafuta kuwa karibu na ardhi, si kuikimbia.

Basi sikiliza. Ile baiskeli nzito iliyotundikwa ukutani tangu mama yako afariki nimeishusha. Unaijua: fremu nene iliyopinda kama mgongo wa paka, matairi mapana, breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Kwenye keria yake ndipo ulipokaribia kuzaliwa, nikimkimbiza mama yako zahanati, naye akinitukana njia nzima kwa kila shimo. Chuma kile ni cha zamani, si makopo haya mnayouziwa leo. Nitaifunga injini. Ninayo tayari, ya pampu ya maji, ndogo kama tumbo la mlevi asiyekula. Tuone nani atasukumwa.

Wasalimu. Mwambie mkeo asitandike kitanda.

Baba yako, na huna mwingine


Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Watoto wanauliza kama ni kweli babu anatengeneza pikipiki. Nimewaambia babu anatengeneza ajali.

Mimi hii ndiyo kazi yangu, Baba. Kutwa nzima nachora vyuma vya kushikilia mashine, na wenzangu wanaviamini. Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima zote. Injini utaifunga na nini? Na huyo jirani yako mchomeleaji, mnayemwita Cheche, nilishaona kazi yake. Geti alilowachomelea kanisani lilianguka siku ya harusi. Na utaiwashaje? Pampu zile huwashwa kwa kuvuta kamba. Hiyo kamba ipo?

Umri wako hauhitaji injini, Baba. Unahitaji kiti chenye mto na mtu wa kukuuliza umekula nini. Tarehe yangu iko pale pale.

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu msomi,

Marahaba. Nimefurahi kusikia hamjambo, ingawa kwa barua ile nilidhani umeng'atwa na kitu.

Cheche nimemsomea ulichoandika. Amesema geti lilikuwa zima, harusi ndiyo ilikuwa nzito. Hata hivyo hapo umesema kweli kwa bahati mbaya. Fremu hii haitaguswa na moto. Bomba lake ndani limeliwa na kutu. Ukilichomelea linakakamaa, na siku ya tatu linapasuka kama muhogo mkavu. Nimefanya kazi ya baiskeli miaka arobaini na mitatu, na shule nimesoma mpaka pale mwalimu aliponiomba nisirudi, lakini hilo nalijua. Kutoboa pia hapana. Inatakiwa breketi ya chuma kinene, ikumbatie mabomba mawili kwa bolti na vipande vya mpira wa tairi katikati, injini ikae juu yake kama mtoto mapajani.

Chuma cha unene huo hapa hakikatiki. Kiwandani kwenu kinakatika. Kwa hiyo nimeamua kukupa heshima ya kunisaidia. Usishukuru.

Kipimo hiki hapa. Kutoka bomba la kiti hadi bomba la mbele, pale injini inapokaa, ni vidole kumi na vinne. Najua milimita zako. Mimi sina milimita, nina mkono. Kile kijiti nilichokukatia ulipokwenda chuo, chenye alama za upana wa vidole vyangu kumi na viwili, nilikwambia usikitupe. Kama umekitupa sema, nikucheke mapema.

Habari ya kamba ya kuwashia, hiyo niachie mimi.

Baba yako, fundi bila cheti


Tarehe 25 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kijiti ninacho. Kiko mezani kwangu ofisini, na wakubwa zangu hudhani ni cha kukunia mgongo.

Breketi nimeikata mwenyewe, vidole kumi na vinne kamili kwa kijiti chako, sikuongeza wala kupunguza upana wa unywele. Nimeiweka kwenye basi la Jumatano, utaipokea kwa kondakta. Ikitoshea, funga bolti zote nne, si mbili kama kawaida yako.

Ya kamba umenikwepa. Nimeona.

Mwanao


Tarehe 6 Mei

Wewe mhandisi,

Salamu nitakupa mwisho, nikipoa.

Breketi imefika. Ilifungwa kwa karatasi tatu na kamba kama maiti, na ndivyo ilivyo. Imezidi, mwanangu. Imezidi vidole viwili na kitu. Nimeishika juu ya fremu, kila aliyekuwa karakana akaja kuangalia, wakacheka mpaka mteja mmoja akasahau kuchukua baiskeli yake. Cheche ameomba nikuulize kama na wewe ulihudhuria ile harusi.

Nilikusomesha. Niliuza baiskeli zangu mbili nzuri ukasome kupima chuma, na sasa umepewa namba moja tu, kumi na nne, ukashindwa kuifikisha salama kutoka karatasini mpaka kwenye msumeno. Mtoto wa darasa la kwanza angeleta kitu kinachokaribia. Hiki chako kingefaa kufungia injini ya lori. Sasa nimekiweka mlangoni kiuzuie usijifunge na upepo, na hiyo kazi kinaifanya vizuri, nakusifu.

Siku zinakwenda, na najua unazihesabu. Isije ikawa ulikosea kwa makusudi. Kama ndivyo, basi una akili kuliko nilivyodhani, na roho mbaya zaidi.

Sijapoa. Salamu chukua barua ijayo.

Baba yako, kwa sasa


Tarehe 14 Mei

Baba,

Shikamoo, hata kama huitiki.

Tusi la mlango watoto wamelipenda. La makusudi sikulipenda.

Nimeipima michoro mara tatu. Nimekipima kijiti mara tatu. Nimemwita mwenzangu akapima bila kumwambia chochote. Breketi ni vidole kumi na vinne vya kijiti kile. Chuma hakirefuki njiani, Baba, na fremu haisinyai ukutani. Kijiti hakikukosea na mimi sikukosea. Wewe nakujua, kwa kupima hukosei, ni mdomo tu.

Kwa hiyo kimebaki kitu kimoja ambacho hatujakipima. Weka mkono wako wa kushoto, ule unaopimia, juu ya karatasi. Uchore kuuzunguka kwa kalamu. Nitumie.

Mwanao


Tarehe 23 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na za barua iliyopita pia nakulipa humu humu. Mimi mzima, mzima kabisa.

Nimecheka. Mtu anakosea kukata chuma, anaomba mkono wa baba yake. Kesho utaomba na sikio. Lakini ili usipate pa kusingizia, nimeuchora, huo hapo chini. Utazame vizuri. Mkono mnene, wa mtu anayekula na kulala. Ukitoshea shavu lako utaukumbuka.

Haya, ulichotaka umepata. Kata upya, vidole kumi na vinne, na safari hii muombe mtu mwenye akili akushikie kijiti.

Baba yako mwenye afya


Tarehe 1 Juni

Baba,

Shikamoo.

Hongera kwa kuota kidole. Kidole chako cha shahada cha mkono wa kushoto kiling'olewa ncha na cheni nikiwa darasa la pili. Mama alikifunga kwa kitambaa cha sare yangu, na nilikwenda shule wiki nzima na shati lisilo na mfuko. Mkono ulionitumia una vidole vitano kamili, na kwenye kidole gumba kuna kovu la moto. Mwambie Cheche asante, na mwambie ana mkono mzuri.

Umewahi kunidanganya mara nyingi, Baba, na nyingine zilikuwa nzuri. Hii ni ya hovyo. Umedharau hata uongo wenyewe.

Nimepiga hesabu kwa kile ulichosema kimezidi. Vidole vyako kumi na vinne vya leo ni sawa na kumi na viwili vya kijiti. Yaani kijiti kizima, mwisho hadi mwisho. Mkono wako umepungua, Baba. Mkono haupungui peke yake. Shangazi hakukosea kuona.

Nilifika mpaka kuomba ruhusa kazini na kuazima gari. Nikaketi ofisini na kile kijiti mkononi, nikaona kwamba nikija na gari utapanda, maana nguvu ya kukataa huna, na hutanisamehe. Basi nimekata breketi ya pili. Ni ya mkono ulio nao. Iko kwenye basi la Jumatano, kwa kondakta yule yule.

Lakini baiskeli haiendi karakana kwanza. Siku itakapowaka, safari yake ya kwanza ni zahanati. Ukishatoka huko niandikie alichosema daktari, si ulichomjibu. Hapo ndipo tutazungumza habari ya ghorofa. Nisipopata barua ifikapo mwisho wa mwezi, nakuja.

Mwanao


Tarehe 26 Juni

Mwanangu,

Hujambo wewe, hujambo mama watoto, hawajambo hao wanaocheka matusi ya babu yao. Mimi sijambo kidogo. Neno hilo "kidogo" nimeliandika mwenyewe, Cheche hakunishika mkono.

Umekaa siku ishirini na tano bila barua, najua, na najua tarehe ni ngapi. Nilikuwa nataka upate hamu.

Breketi imekaa. Imekaa kiasi kwamba nilikasirika. Nilitafuta mahali pa kuingiza ukucha nikakosa. Nimefunga bolti nne, nikafuta kutu kwenye tangi kwa kutia nati na kulitikisa siku nzima, nikachanganya petroli na oili, nikajaribu. Inanguruma kama mama mkwe. Inatoa moshi. Inapanda mlima wetu, mwanangu, mwendo wa mbwa asiye na haraka, na lile jiwe la shangazi yako nimelipita nikalitemea mate.

Zahanati nimekwenda. Daktari ni binti mdogo, aliniuliza umri nikamuuliza wake. Amesema ni sukari. Imenila mwaka mzima, yeye anasema, na mimi nilidhani nimekuwa mwembamba kwa maringo. Nimepewa vidonge, nimekatazwa vyote vitamu isipokuwa maneno, na kila mwezi nirudi apime. Nimetoka pale nikakaa kwenye keria muda mrefu kabla ya kuondoka.

Sasa ya kamba uliyoniuliza mara mbili. Haipo. Ilikatika na springi yake haipatikani. Asubuhi mlimani naiwasha kwa mteremko, inashika kabla ya nyumba ya pili. Lakini kurudi, kule chini ni tambarare, na hii huwezi kuiwasha mpaka ikimbie hatua kumi. Miguu yangu ina hatua nne. Zile sita Cheche ananisukuma kila jioni, huku akikutukana wewe.

Kwa hiyo kwa hukumu yako nimeshindwa. Ulisema bila kusukumwa na mtu. Ningeweza kukuficha, na ungelijuaje? Lakini uongo wangu umesema ni wa hovyo, na fundi hapendi kurudia kazi mbovu. Kwako sitakuja. Kama hatua sita zinatosha kunipandisha ghorofa ya nne, njoo uniambie hapa hapa, usoni.

Ndani ya bahasha kuna kijiti kipya. Vidole kumi na viwili, vya mkono wenyewe, ule wenye kidole kifupi. Ukinitengenezea kitu tena tumia hicho. Cha zamani usikitupe, ni cha baba yako mwingine, alikuwa na mkono mkubwa na mimi mwenyewe namkumbuka.

Njoo na basi la Jumamosi. Gari la watu rudisha. Usipande teksi, nitakuwa stendi nakungoja, keria nimeifunga mto. Mfuko wako uweke begani, kwa sababu utanisukuma hatua sita. Ikishika, ruka. Ukichelewa kuruka utapanda mlima kwa miguu, maana mimi sisimami. Nikisimama itabidi unisukume tena.

Baba yako